Kigari Mbele ya Begi

Fundi Muhidini wa Utende hupenda kujisifu, na hakuna wa kumlaumu. Mtu aliyefufua mashine za boti kwa miaka arobaini, nyingine zikiwa zimetolewa chini ya maji na kaa wamekwisha kuhamia ndani, akijisifu kidogo ni haki yake. Akikaa mbele ya chai atakuhadithia moja baada ya nyingine, kwa jina la boti na jina la mwenye boti, na ukimkatiza ataanza upya. Lakini ipo kazi moja ambayo haihadithii mwenyewe. Hiyo huwaachia watu, naye hutazama pembeni na kusikiliza kwa sikio la kulia, lile ambalo ni refu kidogo kuliko la kushoto. Kazi hiyo haina hata tone la bahari ndani yake, maana ni kazi ya kigari.

Kigari chenyewe kilikuwa cha mwenye hoteli mmoja aliyewahi kukaa hapo Utende. Watoto wake walikuwa wakikizungusha uani mpaka wakakua, wakaenda zao. Ni vile vigari vidogo vya mbio: mabomba ya chuma yaliyochomelewa, magurudumu manne mafupi, kiti kilicho karibu kugusa ardhi, na nyuma ya kiti injini ndogo ya petroli. Siku mwenye hoteli alipofunga virago, alimpa Bi. Kidawa, aliyemshonea mapazia na foronya za hoteli nzima kwa charahani ya mkono. Huenda alidhani anamfanyia wema. Injini ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka imeganda, na hata ingekuwa nzima, kigari kile kilitaka miguu miwili: wa kulia wa kukanyaga mafuta, wa kushoto wa kukanyaga breki. Bi. Kidawa ana mguu mmoja tu wa kutegemea. Ule wa kushoto ulipooza akiwa na miaka mitatu, kwa homa ya siku nne. Basi kigari kikawekwa chini ya mti wa mkungu nyuma ya nyumba yake, kikakaa miaka sita, na kuku wakapata pa kutagia.

Bi. Kidawa na Muhidini ni ndugu wa tumbo moja, na Muhidini ndiye mkubwa kwa miaka minne. Kidawa alipofikia umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani, baba yao alisema huyu atasomea nyumbani, njia ni ndefu. Muhidini, mtoto wa miaka kumi, akasema atambeba. Akambeba kweli. Akambeba chuoni, akambeba shuleni, kwenda na kurudi, masika na kiangazi, miaka saba mizima. Na Kidawa hakuwa mzigo wa kunyamaza. Alimpanda kaka yake mgongoni, akamshika masikio yote mawili na kumwendesha. Akitaka waende kulia alivuta la kulia, akitaka waende kushoto alivuta la kushoto, akitaka mwendo aliyabana yote. Watoto wenzao waliwacheka mpaka wakachoka wao wenyewe. Kila siku walipofika kwenye kona ya msikiti, pale penye mchanga mwingi unaomeza miguu, Kidawa alimwinamia na kumwuliza, "Kaka, umechoka?" Na Muhidini, jasho likimdondoka, alijibu, "Bado."

Muhidini alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda dago, kambi ya uvuvi, kule Shungimbili pamoja na wavuvi wazima, yeye kazi yake kupika. Siku ya tano boti ilipinduliwa na wimbi na mashine ikazama. Wakaitoa, wakaitazama, wakaitupa mchangani kama maiti. Wale wazee wakaenda kulala mchana. Muhidini akatandika tanga kuukuu, akaifungua mashine nati kwa nati, akiipanga kila nati kwa mstari ili asipotee njia ya kurudi, kisha akaisuuza yote kwa maji matamu. Na pale Shungimbili, kisiwa cha mchanga mtupu, maji matamu yalikuwa yale ya kunywa tu, mapipa mawili waliyokwenda nayo. Wazee walipoamka na kiu wakakuta pipa moja limekauka, walimtukana matusi ambayo mpaka leo hayarudii mbele ya wanawake. Alikuwa bado anatukanwa alipovuta kamba na mashine ikanguruma. Siku hiyo hiyo alitolewa jikoni, akaitwa fundi, na jina halikumtoka tena.

Siku hizi jina lipo lakini kazi imepungua. Mashine mpya zina mambo ya kompyuta, zikiharibika hupakiwa kwenda Dar es Salaam. Muhidini amebaki na wenye mashine za zamani, na wenyewe wamezeeka kama mashine zao. Hilo halisemi, ila ukiona fundi anafuta spana safi kwa kitambaa kila asubuhi, unajua.

Sasa tuje kwenye begi. Kwao mtu akioa, upande wa mume hupeleka begi: sanduku la kanga, viatu, manukato na vikorokoro vyote vya bibi harusi, likisindikizwa na wanawake kwa matari na vigelegele. Katika ukoo wa kina Kidawa, anayetangulia mbele ya begi ni mama wa bwana harusi, si mwingine. Wakifika mlangoni, wenyeji huuliza kwa sauti, "Nani kalileta?" Nao wanawake wote hujibu, "Mama mwenyewe!" Jibu hilo moja tu, basi, mlango unafunguliwa.

Bi. Kidawa ana watoto watatu wa kiume. Alipooa wa kwanza, mguu wake mzuri ulikuwa umeanza kuchoka kwa kubeba kazi ya miwili, fimbo ikimsaidia nusu ya njia tu. Wakamtanguliza kwa gari. Alipooa wa pili, vivyo hivyo. Mara zote mbili alifika kabla ya begi, akakaribishwa ndani kama mgeni aliyewahi, akakaa mkekani anasikiliza matari yanakuja kwa mbali. Wenyeji wakauliza nani kalileta, na wanawake wakajibu, "Shangazi!" Alivumilia. Aliporudi mara ya pili alimwambia kaka yake neno moja tu, "Nimepeleka begi kwa masikio."

Akabaki Mansuri, kitinda mimba. Mansuri akamposa Warda, binti wa Bi. Munira, nyumba yao iko juu karibu na lami, mwendo wa nusu saa kwa miguu mizima. Begi likapangwa Ijumaa baada ya Alasiri. Wiki mbili kabla ya siku hiyo Bi. Kidawa alimwita kaka yake, akamwonyesha chini ya mkungu kwa ncha ya fimbo.

"Kaka, lile dude pale, huwezi kulifufua?"

Muhidini hakuwahi katika maisha yake kutengeneza kitu chenye magurudumu, hata baiskeli yake humpelekea mtu. Lakini pia hakuwahi kusema siwezi.

"Kinachokunywa petroli hakinishindi," alisema. "Fukuza kuku."

Jirani yao Maulidi, ambaye ua wake umepakana na uwanja wa Bi. Kidawa, alikuja kutazama mikono nyuma. "Fundi, dude hili halina omo wala tezi. Utajuaje mbele ni wapi?"

"Kiti kinapotazama," alijibu Muhidini. "Na wewe ukae nyuma."

Injini ya zamani aliing'oa, akaigonga mara moja kwa nyundo kwa heshima, akaiweka kando. Ya kuweka badala yake alianza kuitafuta karibu. Alipata ya pampu ya maji, lakini shafti yake ilikuwa na nyuzi kama bolti na klachi ya kigari haikukubali kuingia. Akapanda pikipiki mpaka Baleni kwa binamu yao Shaabani, aliyekuwa akikunia watu nazi kwa mashine ya petroli kabla umeme haujafika na kuileta mota. Ile injini ilikuwa stoo chini ya magunia ya muhogo mkavu. Shafti yake imenyooka, ina mfereji wake wa kupachika kipande cha chuma kinachoshika klachi isizunguke bure. Muhidini akaivuta kamba mara tatu. Mara ya nne ikakohoa, ikatema moshi wenye harufu ya nazi iliyochacha, ikashika. Shaabani alisema ichukue, mimi ilikuwa inanikumbusha kelele tu.

Klachi, ile inayoshika magurudumu injini ikikimbia na kuyaachia ikitulia, aliiloweka kwenye mafuta ya taa siku tatu mpaka viatu vyake vya ndani vikaachia. Kitako cha injini alikichimba matundu mapya, maana yale ya zamani hayakulingana hata moja. Cheni alipata ya pikipiki, akaikata na kuiunga, akapima kwa kamba ya mshipi kama gia ya mbele na ya nyuma zimesimama mstari mmoja, akakuta zimepishana unene wa sarafu, akafungua yote, akarekebisha, akafunga upya. Breki aliihamishia kulia, kwenye mguu mzuri wa Kidawa. Hapo mafuta yakabaki hayana mguu, kwa hiyo yawe ya mkono. Na kwenye mafuta ya mkono Muhidini alitabasamu, maana hapo alifika nyumbani.

Ni hivi. Katika boti, mkono wa mafuta ukiusogeza lazima ukae hapo hapo. Nahodha ana usukani mkono mmoja, na mwingine unachota maji, unavuta nyavu, unamkamata mtu anayetaka kuanguka. Mkono wa mafuta unaorudi nyuma wenyewe ni aibu ya fundi, boti inaweza kukufia katikati ya mkondo. Muhidini hukaza ile nati ya mkono kwa kipimo anachokijua yeye, si ngumu wala si legevu, na wavuvi kutoka Utende mpaka Kilwa husema mkono wa Muhidini haurudi. Ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Basi akachomelea mkono wa chuma ubavuni mwa kiti, akauunganisha na kabureta kwa waya mpya, na akaikaza nati ya pale kwenye kabureta kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa dada yake.

Jumatano asubuhi alikijaribu mwenyewe kuzunguka uwanja. Kikaenda, kikapinda, kikasimama. Hakuona kasoro hata moja, na asingeiona, kwa sababu kiganja chake kimezoea kwa miaka arobaini kurudi kwenye mkono wa mafuta bila kuambiwa. Akamkalisha Kidawa, akampa maelekezo.

"Sukuma mbele, kinakwenda. Vuta nyuma, kinatulia. Mguu wa kulia ni breki. Rahisi."

Kidawa akasema bismillahi, akasukuma. Kigari kikaondoka kama kilikuwa kinasubiri miaka sita. Hatua ishirini mbele gurudumu likaruka mzizi wa mnazi, na Kidawa akafanya ambalo ungefanya wewe na mimi: akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Mkono wa mafuta ukabaki ulipo. Breki aliisahau, na mwanamke aliyeishi miaka hamsini na saba bila kuendesha chochote halaumiwi kwa hilo. Kikapita katikati ya vichanja vya dagaa, kimoja kikaanguka. Kikaingia ua wa makuti wa Maulidi upande huu, kikatokea upande wa pili, kikajichimbia kwenye lundo la makumbi ya nazi, na humo kikaendelea kunguruma, magurudumu yakirusha makumbi angani. Muhidini alikuwa nyuma anakimbia na kupiga kelele, "Vuta! Vuta!" mpaka alipofika na kuizima injini.

Kidawa alikuwa mzima. Kiwiko kimechubuka, mtandio umekaa upande, dagaa wawili begani. Muhidini, baada ya kuhakikisha dada yake hana zaidi ya hapo, aliinama akatazama kazi yake. Uso ukamchangamka.

"Alhamdulillahi, mkono haukuteleza. Tazama, uko pale pale ulipouacha."

"Naona," alisema Kidawa. "Mimi ndiye sikuwa pale."

Maulidi alikuja, akatazama ua wake, akatazama kigari. "Ua nimesamehe," alisema. "Lakini Ijumaa tumtafutie Bi. Kidawa gari. Hili ni jambo la watu, si la kujaribia."

Muhidini alimgeukia dada yake, akitegemea atamjibu Maulidi jibu lake lile la kukata. Kidawa alikuwa anapangusa magamba ya dagaa begani, moja moja. Akasema, "Labda gari," na akaomba fimbo yake.

Hapo Muhidini aliumia. Afadhali angemtukana kama wale wazee wa Shungimbili. Alirudi kwake na hasira, akiwalaumu Kidawa aliyeachia mkono, mzizi wa mnazi, na Maulidi aliyeweka ua njiani. Yeye mwenyewe hakujilaumu, maana kazi ilikuwa kamili, kila nati mahali pake. Aliifikiria upya yote, toka kabureta mpaka cheni, na kila alipofika kwenye mkono alipita haraka, kwa kuwa pale ndipo alipokuwa na hakika.

Alhamisi asubuhi Kidawa alimtumia salamu aje kunywa chai. Muhidini akamkuta kibarazani na charahani, anamalizia upindo wa kanga ya begi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mkono unaumaje?"

"Unauma kama mkono. Kaa." Akammiminia chai, akamsogezea mhogo wa kuchemsha. Akazungusha charahani mishono miwili mitatu, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Ulipokuwa ukinibeba kwenda chuoni, unakumbuka?"

"Mimi sikumbuki. Masikio yangu ndiyo yanayokumbuka."

"Nikiyabana ulifanyaje?"

"Nilikimbia. Ningefanyaje, na kucha zile?"

"Na nikiyaachia?"

"Nilisimama."

"Kwa nini ulisimama? Sikukwambia simama."

Muhidini alicheka. "Ukiyaachia nilijua umeogopa kitu, au unateleza, au umeanza kusinzia. Mtu akiachia, unasimama kwanza, unauliza bada..."

Neno halikumalizika. Kidawa aliendelea kushona. Chai ilikuwa bado inatoa moshi, mhogo haujaguswa, na Muhidini tayari alikuwa amekwisha vaa viatu.

Nati ile aliilegeza kwa shingo upande. Mikono ilikataa mwanzo, ikabidi aiamrishe. Miaka arobaini akiikaza, leo anaifungua mpaka mkono wa kabureta unapepea kwa upepo tu, unaanguka wenyewe ukiuachia. Kama mvuvi yeyote angepita wakati ule, Muhidini angeufunika kwa kitambaa asiuone. Kisha aliung'oa ule mkono wa chuma ubavuni mwa kiti, akatupa kando kazi aliyoipenda kuliko zote. Akachukua mkono wa breki wa baiskeli, ule wa kubana kwa vidole, akaufunga juu ya usukani wenyewe, ili mikono yote miwili ya Kidawa ikae mahali pamoja, kama ilivyokaa zamani. Ukibana, waya unavuta mafuta. Ukiachia, springi inarudisha.

Springi ndiyo iliyomsumbua. Ya kwanza ilitoka kwenye stendi ya baiskeli. Kidawa alibana mara moja, akaachia, akakunja vidole. "Hii inashindana na mimi. Nitafika kwa kina Warda sina mkono wa kusalimia." Muhidini akaenda nyumbani kuleta kopo la maziwa ya unga anamohifadhi springi za maisha yake yote. Akamwaga kibarazani, akachagua kama mtu anayechagua mchele. Moja laini mno, moja fupi, moja imeoza. Aliyoichagua mwisho ilikuwa ya ile mashine ya Shungimbili. Aliitunza tangu mashine yenyewe ilipokufa kifo cha kweli, na hajawahi kuipachika popote.

Kidawa akabana, akaachia, akabana. "Hii inanisikia," alisema.

Akabadilisha na gia ya nyuma, akaweka kubwa zaidi, ili kigari kiweze kwenda mwendo wa watu wanaoimba bila klachi kuungua. Na juu ya magurudumu ya nyuma akafunga kichanja kidogo cha mbao cha kuwekea begi. Ilipofika Alasiri, Kidawa alikaa kitini. Akabana, kigari kikaenda pole. Akaachia, injini ikabaki inanong'ona na magurudumu yakasimama. "Tena," alisema Muhidini. Akafanya tena. Walifanya mara ishirini, mara ya ishirini na moja Muhidini akarusha kofia yake ghafla mbele ya kigari bila kumwambia, na Kidawa akaachia kabla hajafikiri. Kofia haikuguswa. Maulidi, aliyekuwa anasuka upya ua wake, alisimama akapiga makofi, kisha akajifanya anafukuza mbu.

Ijumaa ilifika. Wanawake walijaa uwanjani wamevaa kanga za sare, matari mikononi, udi unafuka. Begi jekundu likafungwa kwenye kichanja kwa kamba za nazi. Bi. Kidawa alitoka ndani na baibui jipya na manukato unayoyasikia kabla hujamwona, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye kigari, akakaa, akamkabidhi mtu fimbo. "Nipokeleeni, siihitaji," alisema, na vigelegele vikaanza hapo hapo.

Msafara wa begi ni wa wanawake. Mwanamume hana nafasi humo, na Muhidini anaijua desturi kuliko wengi. Kwa hiyo hakufuata msafara. Alikwenda tu njia yake mwenyewe, ambayo ilipita ndani ya minazi sambamba na barabara, kwa mwendo ule ule wa msafara, akiwa na kanzu ya Ijumaa na spana namba kumi na mbili mfukoni. Walimwona, bila shaka. Mwanahija, mpiga tari, alipaza sauti, "Mbona minazi leo imevaa kanzu?" Wakacheka, wakaendelea kuimba.

Kwenye kona ya msikiti mchanga uko vile vile. Muhidini alisimama nyuma ya mnazi, akashika spana. Magurudumu ya mbele yakazama kidogo. Akaona vidole vya dada yake vikibana polepole, injini ya Shaabani ikavuta pumzi, kigari kikapanda, kikatoka. Muhidini alipangusa jasho ambalo halikuwa la jua.

Walipokaribia lami watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, watu wazima kwa watoto, maana habari za kigari zilikuwa zimetangulia. Mtu akarusha peremende, kama wanavyorusha. Kibinti cha miaka minne au mitano kikachomoka kuifuata, kikainama katikati ya njia, hatua mbili mbele ya magurudumu, hakitazami chochote ila peremende. Muhidini alifungua mdomo. Alijikuta ameshika sikio lake la kulia.

Kidawa aliachia.

Kigari kikasimama pale pale. Kibinti kikaokota peremende, kikaimenya, kikatazama kigari kwa mara ya kwanza, kikaona hakina maana, kikarudi kwa mama yake. Kidawa akabana tena. Wimbo haukukatika. Nusu ya wanawake wa nyuma hawakujua hata kama palitokea jambo. Ndani ya minazi mzee wa miaka sitini na moja alikaa chini na kanzu yake nyeupe, akalia kwa furaha, na hakujificha.

Mlangoni kwa Bi. Munira matari yalinyamaza. Mlango umefungwa. Kutoka ndani sauti ikauliza kama inavyoulizwa siku zote, "Nani kalileta?"

Wanawake walimtazama Kidawa, na Kidawa, aliyeisubiri sekunde ile tangu mtoto wake wa kwanza, hakuwasubiri wao. "Mama mwenyewe!" alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye minazi. Ndipo wote wakapokea, "Mama mwenyewe! Mama mwenyewe!" na mlango ukafunguliwa.

Yaliyoendelea ndani ni ya wanawake. Inatosha kujua kwamba biriani ililiwa, kwamba Bi. Munira aliomba akalie kigari kidogo tu akakatazwa, na kwamba huko nje nahodha mmoja wa Jibondo aliyekuja kama mgeni aliinama kutazama waya wa mafuta, akautingisha, akasema, "Muhidini, mkono wako umeanza kurudi?" Muhidini akamjibu, "Huu nimeufundisha."

Saa moja kabla ya Magharibi Kidawa alitoka. Wanawake walikuwa wametawanyika, wengine wakibaki kusaidia vyombo. Alimkuta kaka yake chini ya mnazi, kanzu ina mchanga magotini, anajifanya anasubiri mtu.

"Panda," alisema Kidawa.

"Nipande wapi? Kiti ni kimoja."

"Kwenye kichanja. Begi limeshuka."

"Kidawa, mimi mtu mzima. Watu wanatazama."

"Nilipanda mgongo wako miaka saba, na walikuwa wanatazama hao hao. Panda."

Muhidini alitazama kulia, akatazama kushoto. Akapanda. Alikaa kichanjani mgongo umenyooka kama anakaa mbele ya kadhi, miguu inaning'inia, spana inamchoma pajani. Kigari kilizama kidogo nyuma, lakini kikaenda. Watu waliokuwa vibarazani walisimama kuwatazama. Maulidi alivua kofia. Muhidini aliwapungia wote mmoja mmoja kwa majina yao, na aliyechelewa kumwona alimwita.

Walipofika kwenye kona ya msikiti, mchanga ukashika magurudumu na injini ikaanza kulalamika. Safari hii mzigo ulikuwa mkubwa. Muhidini aliviona vidole vya dada yake juu ya usukani vimekakamaa kwa kubana. Akamwinamia sikioni.

"Kidawa, umechoka?"

"Bado," alisema Kidawa, na akabana tena.